Baba Nuru, Unanisikia?

Amplifaya ya hedifoni ya bei ya kati itakupa raha ya muziki bila kumwamsha mwenzio. Ukiichagua kwa pupa, itakugombanisha naye. Mimi nimeonja yote mawili.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano kasoro usiku, mvua ya masika inamwagika Sinza kama imetumwa. Mimi niko sebuleni, taa nimezima, hedifoni kichwani, magitaa ya Mlimani Park yananipeleka taratibu. Nikaona mwanga wa tochi unapita kwenye pazia. Unakwenda, unarudi. Nikasema moyoni, mwizi huyo. Nikavua hedifoni ili nisikilize vizuri, na hapo ndipo nilipousikia mlango unavyogongwa, na mtoto anavyolia.

Nje alikuwa shemeji yenu, ametoka zamu ya jioni famasi, kalowa kuanzia kilemba hadi viatu. Pembeni yake jirani yetu, mzee wa watu, kajifunika khanga ya mkewe, kashika tochi. Walikuwa wamegonga dakika ishirini. Mlango nilikuwa nimeupiga komeo kwa ndani. Simu yangu ilikuwa chumbani kwenye chaji, na nilipokwenda kuitazama nikakuta amepiga mara 11. Dirisha la chumbani linatazama kibaraza hicho hicho, kwa hiyo muda wote ule aliokuwa nje kwenye mvua alikuwa anamsikia Nuru, mwaka mmoja na nusu, analia peke yake gizani. Baba yake yuko hatua nane kutoka kitandani.

Hakuniambia neno. Alinipita, akamchukua mtoto, akafunga mlango wa chumba.

Asubuhi alinitengea chai kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha. Ndugu zangu mliooa mnanielewa. Tulipofika katikati ya kikombe ndipo akasema, sauti ya chini kabisa: "Baba Nuru, mimi muziki sikatai. Ninachokataa ni kuishi na mtu ambaye yupo na hayupo."

Sasa wewe unaweza kusema kosa ni langu, amplifaya inahusikaje? Kosa ni langu, sikatai. Lakini nilipokaa chini kulitafakari, nikagundua kwamba kifaa nilichonunua kilinisukuma kule nilikofika. Na nilikinunua kwa kufuata kitu kimoja tu: namba kubwa.

Kilichotufikisha huko

Nilipokuwa kapera nilikuwa na spika mbili kubwa, majirani wa gheto langu la Mwananyamala wanazikumbuka hadi leo. Baada ya ndoa zikawa zinawashwa wikiendi tu. Nuru alipozaliwa, zikauzwa. Shemeji yenu anafanya kazi kwa zamu. Akilala mchana ni kwa sababu anaamka usiku, na mtoto akilala hakuna wa kumsogelea. Hedifoni ikawa ndiyo suluhu. Alinipongeza, hata kuchangia alichangia.

Nikanunua Beyerdynamic DT 770 Pro. Hiyo huuzwa kwa aina tatu, omu 32, omu 80 na omu 250. Mimi nikachukua 250. Kwa nini? Kwa sababu nilidhani namba kubwa ndiyo mali, kama tulivyokuwa tukihesabu megapikseli za kamera. Kumbe omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyoubania umeme unaopita. Yenye omu nyingi inataka volti nyingi ili ipaze sauti. Nikachomeka kwenye simu, nikapandisha sauti hadi mwisho, nikapata muziki kama unaosikika nyumba ya tatu. Rekodi mpya zilijitahidi. Zile za zamani, zilizorekodiwa Radio Tanzania na kunakiliwa kutoka kwenye kanda kwa sauti ya chini, ndio kabisa.

Hapo ndipo amplifaya inapoingia. Inapokea sauti dhaifu kutoka kwenye simu au kompyuta, inaiongezea nguvu, halafu inaipeleka masikioni. Ziko za aina mbili kubwa. Za valvu hutumia vile vitaa vya kioo kama vilivyokuwa kwenye redio za mababu zetu: zinawaka, zinapendeza, zinapata moto, na valvu huchoka na kubadilishwa. Za transista hazina vioo. Transista iligunduliwa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1947, na ndiyo iliyozistaafisha redio za valvu. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kushika kila kinachong'aa haina mjadala. Chukua ya transista.

Ya kwanza iliungua

Binamu yangu aliyeko Houston alinunua amplifaya ndogo, akaileta likizo. Siitaji jina, maana haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu na la adapta yake, iliyoandikwa kwa maandishi madogo volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Mimi nikaenda duka la kona kununua kile kidubwasha cha kubadilisha plagi ya Kimarekani iingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Kidubwasha kile kinabadilisha umbo la plagi basi, volti hakizigusi. Baada ya dakika kadhaa sebule ikanuka plastiki ya kuungua. Mama Nuru akauliza jikoni kama kuna kitu kimeshika chini ya sufuria.

Nikaenda Kariakoo kwa fundi. Alikuwa muungwana, akanitafutia adapta ya volti zile zile, tundu likaingia barabara. Haikuwaka. Tukazunguka sana kabla ya kusoma nyuma ya kifaa: AC. Adapta karibu zote za dukani hutoa DC. Amplifaya nyingi za aina hii, Magni ya Schiit na Atom ya JDS Labs zikiwemo, hutaka adapta inayotoa AC, kwa sababu ndani zinaugawa umeme huo pande mbili, chanya na hasi. Adapta ya namna hiyo si ya kuokota mtaani.

Kwa hiyo kabla hujauliza sauti ikoje, uliza: adapta yake ni ya volti 230? Inatoa AC au DC? Ikifa, nitapata wapi nyingine? Watengenezaji wengi huuza toleo la 230. Mwambie ndugu yako aliyeko ng'ambo achague hilo wakati wa kuagiza, hata kama yeye kwake haliwashi. Maana yeye atataka kuijaribu kwanza.

Ya pili ilikuwa na misuli

Baada ya hasara ile nikajiambia safari hii nanunua ya ukweli. Nikapata moja dukani, imeandikwa wati 6 kwa kila upande. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii inasukuma hedifoni yoyote duniani." Nikailipia. Bei niliyomtajia mke wangu haikuwa bei ya kwenye risiti, na naomba tusilizungumze sana hilo, tumeshalimaliza.

Sasa tufanye hesabu ambayo yule muuzaji hakunifanyia, wala mimi sikuiomba. Chukua Sennheiser HD 600, hedifoni iliyotoka mwaka 1997 na ambayo inajulikana kuwa na njaa: omu 300. Mtengenezaji anasema ukiipa volti 1 inatoa desibeli 97. Kila ukiongeza volti mara mbili unapata desibeli 6 zaidi. Volti 2 ni desibeli 103. Volti 4 ni desibeli 109, kelele ambayo unaitaka kwa kishindo kimoja cha ngoma, si kwa wimbo mzima. Nguvu ni volti zilizozidishwa kwa zenyewe, ugawanye kwa omu: 4 mara 4 ni 16, gawanya kwa 300. Unapata miliwati 53 hivi.

Miliwati 53! Mimi nilinunua miliwati 6,000.

Kuna ujanja wa biashara hapo pia. Wati zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwa omu 32 au 16, ambako namba inapendeza. Kwa omu 300 namba hiyo hushuka sana. Ukimuuliza muuzaji, muulize nguvu kwa omu za hedifoni yako wewe. Kuna hedifoni chache zinazokula kweli, hasa zile zinazoitwa plana, zenye utando mpana na sumaku nyingi. Baadhi zina omu chache lakini ni nzito kuitikia. Kama unayo mojawapo, tafuta nguvu zaidi. Sisi wengine hatuihitaji.

Utasema, basi nguvu ya ziada ina ubaya gani, si inakaa tu? Haikai tu. Amplifaya ile ilikuwa na geini kubwa, yaani inaikuza sauti mara nyingi hata ukiigusa kidogo. Itazame sehemu ya kuzungushia sauti kama uso wa saa ya ukutani. Inaanzia kwenye 7. Mimi nikifika kwenye 8 tayari ni disko. Nafasi yote ya kuchezea ilikuwa ni hiyo kati ya 7 na 8. Na hapo chini kabisa ndipo vizungushio vingi vya kawaida vina udhaifu wao: pande mbili hazilingani, sikio la kushoto linapata zaidi ya la kulia, na mwimbaji anahamia bega moja. Ili alingane inabidi upandishe kidogo. Ukipandisha, ni kelele. Masikio yanazoea. Kesho unapandisha tena. Ongeza na DT 770, ambayo imefunikwa pande zote ili sauti ya nje isiingie, halafu mpige komeo mlango usiku wa mvua. Hadithi mnaijua.

Na si ndoa tu iliyokuwa hatarini. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Mimi nilikuwa namaliza saa nne zangu kabla Jumanne haijaisha.

Ya tatu tulichagua wawili

Sharti la shemeji yenu lilikuwa moja: hakuna kununua kabla yeye hajaelewa kinachonunuliwa. Nikaona ananibana, kumbe ananisaidia. Mtu asiye na wazimu wa vifaa anauliza maswali ya maana. La kwanza aliuliza: "Kwani wewe unasikiliza kwa sauti gani, na saa ngapi?" Nikasema usiku, nyie mkilala. "Basi tafuta inayoimba vizuri ikiwa chini."

Mtaalamu angetumia kurasa kumi kufika hapo.

Tukaanza na hedifoni, si amplifaya. DT 770 nikamuuzia mwenzangu wa ofisini anayekaa na wadogo zake wanne na anayehitaji ukuta masikioni. Nikaongeza pesa, nikachukua HD 600 iliyotumika. Hiyo iko wazi nyuma, ina vyandarua badala ya vifuniko. Sauti inatoka na sauti inaingia. Ukikaa kochi moja na mwenzio anayesoma, atasikia nzi anaimba taarabu. Kitandani haifai kabisa, usije ukasema sikukwambia. Lakini mimi nakaa sebuleni, mlango wa chumbani umerudishwa, na mtoto akikohoa nasikia. Kwetu huo ndio ukawa uzuri wake.

Halafu tukatafuta amplifaya ya kuifaa. Bei ya kati, kwa hesabu yangu, ni dola 100 hadi 300, bila usafiri na kodi. Asgard 3 ya Schiit, iliyotoka 2019 kwa dola 199, ilinivutia kwa uzito wake. Ina transfoma ndani kwa ndani, hakuna adapta ya kuhangaika nayo, ila lazima iwe toleo la 230. Tatizo inatoa joto. Dar es Salaam joto tunalo. Atom ilitoka 2018 kwa dola 99, bei ile ile ambayo Magni ya kwanza ilianzia mwaka 2012, na zote ni kazi safi. Ni ile adapta ya AC tu iliyonikumbusha harufu ya plastiki.

Iliyonigusa moyo kuliko zote ni O2. Mwaka 2011 mhandisi mmoja asiyetaka kujulikana, akijiita NwAvGuy, aliunda amplifaya ndogo na kuchapisha michoro yote hadharani ili yeyote aitengeneze. Alichoka kuona watu wanauziwa maneno matamu bila vipimo. JDS Labs walikuwa miongoni mwa walioitengeneza na kuiuza. Mwaka 2012 mwenyewe akanyamaza, na hadi leo hajulikani ni nani. Ndani yake inaingia betri mbili za volti 9 za kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika muziki unaendelea. Mtu hakujua kama kuna Tanesco, lakini alitufikiria. Wanapenda pia kumnukuu kwa kanuni moja iliyokuwepo kabla yake, ambayo ni nzuri kuijua: ukinzani wa amplifaya yenyewe pale unapochomeka hedifoni usizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni yako. Kwa omu 32, isizidi 4. Ikizidi, besi inaweza kuvimba au sauti ikapinda, na wewe utadhani ni rekodi mbovu. Za transista za siku hizi nyingi ziko chini ya omu 1, lakini tazama.

Mwishowe tukachukua Zen CAN, ya kampuni ya Uingereza iitwayo iFi. Ilitoka 2020 kwa dola 149. Sisi tuliipata kwa mtu aliyekuwa anahama, bei ya kishkaji. Ina swichi ya geini yenye hatua nne, na ya chini kabisa ni sifuri, yaani haikuzi chochote, inaipa tu sauti nguvu ya kuishika hedifoni. Adapta yake ni ya volti 5 DC, kitu ambacho fundi yeyote Kariakoo anaweza kukipatia mbadala ukimwonyesha tundu na amperi zinazotakiwa.

Siku ya kwenda kuiona nilikwenda na hedifoni yangu mwenyewe, na wewe ufanye hivyo. Kwanza niliiwasha hedifoni ikiwa mezani, maana amplifaya nyingine hupiga kishindo wakati wa kuwashwa na kishindo hicho sikioni si kitu cha mchezo. Nikavaa bila muziki, nikapandisha sauti pole pole kusikiliza kama kuna ule mlio wa shhh wa redio iliyokosa stesheni. Nikaishusha chini kabisa, nikaweka wimbo wenye mwimbaji mmoja, nikasikiliza anasimama wapi kadiri ninavyopandisha. Alisimama katikati tangu sauti ilipoanza kusikika vizuri. Mwenye kifaa alinishangaa, kila mteja aliyekuja kabla yangu alikimbilia kupandisha hadi mwisho.

Doti nyekundu

Tulipofika nyumbani Mama Nuru alikuwa na jaribio lake. Akanikalisha kochini, muziki ukiwa umewaka, akaenda kusimama mlangoni kwa chumba. Akaniita kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba maji. "Baba Nuru!" Nikaitika. Akasema pandisha. Nikapandisha. "Baba Nuru!" Nikaitika. Tukaenda hivyo hadi nilipokuwa simwoni mtu anayeniita, namwona mtu anayefungua mdomo. Akaniambia rudisha nyuma mpaka unisikie. Nikarudisha. Akaja na chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu, akaweka doti moja juu ya bati la amplifaya, pale mshale ulipokuwa umeishia.

Kwenye uso wa saa ni kama 11 hivi. Kutoka 7 hadi 11 ni nafasi tele. Zile zama za kucheza kati ya 7 na 8 zimepita. Na niseme ukweli wangu, sikutegemea muziki wa sauti ya chini ungekuwa mzuri kiasi kile. Gitaa la pili la Mlimani Park, ambalo zamani nililifunika kwa kishindo, sasa nalisikia linavyojibishana na la kwanza kama mashoga wawili uani.

Komeo la mlango siku za zamu hatulipigi tena, tunafunga kwa ufunguo, na yeye ana wake. Jirani yetu tulimpelekea kilo mbili za sukari na khanga mpya kwa ajili ya mkewe.

Juzi nilipokuwa nafuta vumbi niliona ile doti si pale ilipokuwa. Imefutwa kwa asetoni, na nyingine imewekwa nyuma kidogo, karibu na 10. Sijauliza.